Bugoma na ardhi ya mbuga mpya: njia nne za kuipata, tuzilinganishe kabla ya kuinua mikono

Mtu akija kijijini akauliza, "Mnataka mbuga ya taifa au hamtaki?", msimjibu bado. Mwulizeni kwanza ardhi ya mbuga hiyo itapatikanaje. Mbuga mbili zinaweza kuwa na wanyama walewale na bango lilelile langoni, moja majirani wakailinda kama shamba lao, nyingine wakaivizia usiku. Tofauti yao ilianza siku ardhi ilipochukuliwa: nani aliulizwa, nani alilipwa, na nani aliamka asubuhi akakuta jiwe la mpaka nyuma ya jiko lake.

Naandika nikiwa Kikuube, magharibi mwa Uganda, upande wa ziwa. Huku ufukweni mwa Ziwa Albert, Mnyoro, Mgungu, Mualur na Mkongo aliyefika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali juzi huelewana kwa Kiswahili sokoni na mwaloni. Karatasi zinazohusu msitu wetu huja kwa Kiingereza. Wanaoweza kuzisoma wakishaondoka, sisi hubaki tukisimuliana yaliyokuwemo, na kila masimulizi huongeza chumvi. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya kwa lugha inayofika kila kibanda.

Msitu wenyewe ni Bugoma. Una hekta zipatazo 41,000, umekuwa hifadhi ya serikali tangu 1932, na ndani yake wanaishi sokwe zaidi ya 500. Wazo la kuufanya mbuga ya taifa si geni. Wizara ya utalii iliwahi kuutaja pamoja na Budongo na Echuya miongoni mwa misitu inayofaa kupandishwa daraja, na wapo wanaharakati wanaodai jambo hilohilo kwa hofu ya miwa na mkaa. Mimi naupenda msitu huu. Mvua ya mahindi yangu inatoka kule. Lakini kuupenda msitu hakunilazimishi kukubali kila njia ya kuulinda, na njia ziko nne. Tatu zimeshajaribiwa Uganda kwa kiasi kikubwa. Ya nne imejaribiwa hapahapa kwetu, na ajabu ni kwamba wengi wa jirani zangu hawajawahi kuisikia.

Njia ya kwanza: kutangaza leo, kuhamisha watu kesho

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Waziri anatia saini, ramani inachorwa, malori yanakuja. Wanasiasa huipenda kwa sababu inaonekana: kuna hotuba, kuna bango, kuna tarehe. Gharama yake haionekani mwaka huo wa kwanza, ila hatimaye hufika.

Tazameni Ziwa Mburo. Mwaka 1983 serikali ya Obote iliifanya sehemu ile kuwa mbuga ya taifa. Wafugaji waliokuwa wakilisha ng'ombe wao huko waliondolewa bila fidia ya malisho na bila kusaidiwa kupata pa kwenda. Tena ilikuwa wakati wa vita vya msituni, na watu wa Ankole walidhaniwa kuwaunga mkono waasi, kwa hiyo wengi waliiona mbuga kama adhabu iliyovishwa ngozi ya swala. Miaka miwili tu ikapita. Serikali ilipoanguka mwaka 1985, watu walirudi. Waliwafukuza wafanyakazi wa mbuga, wakabomoa majengo, wakaua wanyama. Walitaka pasibaki mnyama hata mmoja ambaye kesho angekuwa sababu ya kuwaondoa tena. Mwaka 1987 serikali mpya ya NRM ikachora mpaka upya, na mbuga ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa awali.

Nimekuwa nikiurudia mfano huu kila ninapopewa nafasi ya kusema, kwa sababu unajibu hoja ninayoisikia sana, kwamba "tuwahamishe kwanza, mengine yatajipanga". Mburo hayakujipanga. Mbuga ilipoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake kwa sababu ilipatikana kwa mabavu. Anayependa wanyama kuliko watu, hata yeye hana sababu ya kuitaka njia hii.

Mburo haikuwa peke yake. Mwaka 1992 watu wanaokadiriwa kufika 30,000 waliondolewa kwenye ushoroba wa Kibale, na mwaka uliofuata msitu ukawa mbuga. Kule kaskazini, hifadhi ya wanyamapori ya East Madi ilitangazwa mwaka 2002, na hadi leo jina la Apaa, ardhi inayogombaniwa huko, likitajwa watu wa Amuru na Adjumani hukunja uso. Mwaka 2015 akina mama wazee walivua nguo mbele ya mawaziri waliokuja kuweka mpaka. Anayejua maana ya mama mzee kuvua nguo mbele ya wanaume katika mila zetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Mlima Elgon una somo la aina nyingine. Huko serikali ilijaribu kuwa muungwana. Mwaka 1983 Wabenet waliokuwa wakiishi juu mlimani walitengewa hekta 6,000 wahamie. Ardhi ikagawiwa kabla ya kupimwa vizuri. Vipimo vya 1993, mwaka uleule Elgon ilipofanywa mbuga ya taifa, vikaonyesha kuwa zilizogawiwa zilizidi kwa takriban hekta 1,500. Watu waliokuwa kwenye ile ziada wakajikuta, bila kusogea hata hatua moja, wako ndani ya mbuga. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya makubaliano iliyowatambua kuwa wakazi wa asili wa eneo lile. Bado mwaka 2008 kulikuwa na kuhamishwa tena. Nia njema ipo, vipimo hamna, na watoto wa waliohamishwa wanazeeka wakiwa wakazi wa muda.

Njia ya pili: kupandisha daraja msitu ambao tayari ni wa serikali

Hii ndiyo inayozungumzwa kuhusu Bugoma, na kwa mtazamo wa kwanza ni nyepesi. Hakuna shamba la kununua. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni ya wananchi, lakini misitu ya hifadhi, mbuga, maziwa na mito serikali inaishika kwa amana ya wananchi wote. Kwa hiyo msitu unabadilisha mlezi tu: unatoka kwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, unaingia kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Sheria inamtaka waziri ashauriane na halmashauri ya wilaya husika, kisha Bunge lipitishe azimio. Hapo ndipo penye siasa halali, na hapo ndipo mbunge wetu anapopaswa kuulizwa.

Bwindi ilipita njia hii. Ilikuwa msitu wa hifadhi tangu 1932, ikawa mbuga mwaka 1991, ikaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994. Leo mgeni kutoka nje hulipa dola 800 kutazama sokwe wa milimani, yaani gorila, kwa saa moja. Wafugaji wa nyuki wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuweka mizinga sehemu maalumu, na wenye dawa za mitishamba na wasusi wa vikapu wakapangiwa utaratibu wa kuingia. Ukitaka kumshawishi mtu kwamba mbuga inaweza kulisha majirani, mpeleke Bwindi.

Lakini mpeleke na kwa Wabatwa, wenyeji wa asili wa msitu ule. Kwenye karatasi msitu ulikuwa wa serikali tayari, kwa hiyo hakuna aliyehesabiwa kuwa ananyang'anywa. Msituni walikuwemo watu ambao hawakuwa na nyumba nyingine duniani. Walitoka bila ardhi na bila fidia, wakawa wafanyakazi wa vibarua kwenye mashamba ya wengine. Ilipofika mwaka 2021, miaka 30 baadaye, Mahakama ya Katiba ilisema walidhulumiwa na ikaagiza Mahakama Kuu ya Kabale iangalie watatengenezewaje. Ndiyo maana neno "hakuna mtu humo" linaponifikia masikioni, huwa nauliza nani alikwenda kuhesabu, na alikwenda msimu gani.

Sasa tuangalie kitakachobadilika kwetu siku Bugoma ikivuka kutoka mlezi mmoja hadi mwingine.

Kuni kwanza. Sheria ya misitu ya 2003 inamruhusu mkazi wa jirani kuchukua kuni kavu na mianzi kwa matumizi ya nyumbani, kwa kiasi, bila kulipa. Watu wengi hawajui kwamba hiyo ni haki iliyoandikwa. Wanadhani ni huruma ya askari. Mbugani haki hiyo haipo kwa namna ile. Utaingia kwa ruhusa na makubaliano, na yasipoandikwa mapema, mama atakayekutwa na mzigo kichwani atakuwa mhalifu wa sheria ya wanyamapori, ambayo adhabu zake ni nzito. Kwa makosa ya wanyama walio hatarini, sheria ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha. Kyangwali kuna wakimbizi zaidi ya laki moja wanaopika kwa kuni. Huwezi kuzungumzia mbuga hapa bila kuzungumzia meko yao.

Kisha fedha. Mbuga huzipa wilaya za jirani asilimia 20 ya kiingilio. Sikilizeni vizuri: ya kiingilio cha langoni. Tiketi ya kutazama sokwe, ambayo Kibale ni dola 250, haimo kwenye hesabu hiyo, na fedha kubwa iko huko. Bwindi wana nyongeza, dola 10 kwa kila tiketi ya sokwe wa milimani. Hiyo ni mbali na ile asilimia 20. Sheria ya 2019 pia imeleta kitu ambacho hakikuwepo zamani: fidia kwa anayejeruhiwa, kuuawa au kuharibiwa mali na baadhi ya wanyama waliotajwa. Msitu wa NFA haukupi asilimia 20. Hapo mbuga imeushinda msitu, nisiseme uongo.

Na ulinzi. Askari wa UWA ni wengi na wana silaha. Walinzi wa misitu ni wachache mno kwa msitu wenye njia nyingi za mkaa kama huu wetu. Anayekata mvule usiku atawaogopa wa kwanza zaidi. Ila anayewaogopa zaidi pia ni mtoto aliyefuata mbuzi.

Lakini jambo kubwa kuliko yote kuhusu njia hii, na ndilo linalonifanya nisiinue mkono haraka, ni mpaka. Ugomvi wa Bugoma haupo katikati ya msitu, upo kwenye ukingo. Kuna maili za mraba 22 ambazo ufalme wa Bunyoro-Kitara ulizipangisha mwaka 2016 kwa kampuni ya Hoima Sugar. NFA ilisema ni msitu wa hifadhi, ikaenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Masindi ikasema ziko nje ya mpaka wa hifadhi. Agosti 2020 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa kibali, maili za mraba zaidi ya 9 zilimwe miwa. Ukitangaza mbuga kesho kwa kufuata mpaka wa sasa, eneo lile linabaki nje vilevile. Utakuwa umeufungia kufuli mlango ambao hakuna aliyekuwa akiubisha, huku dirisha likiwa wazi. Ukisubiri mpaka uchorwe upya ndipo utangaze, utasubiri mahakama, na mahakama zina saa yao.

Wapo wanaosema msitu wa hifadhi hauna nguvu, mbuga ndiyo yenye nguvu. Hili nalikubali nusu. Mwaka 2007 serikali ilitaka kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira, karibu robo yake, zilimwe miwa. Sheria ya misitu ilikuwepo, na inasema wazi kwamba ukitoa kipande cha hifadhi lazima utenge kingine chenye ukubwa uleule. Sheria haikuwazuia kutaka. Waliowazuia ni watu walioingia barabarani Kampala Aprili ile, na wapo waliopoteza maisha siku hiyo. Cheo cha msitu kinasaidia, ila Mabira ilinusurika kwa sababu ilikuwa na watu walioiona ni yao.

Njia ya tatu: kununua

Hii ni ya haki kuliko mbili zilizotangulia, ikifanywa sawasawa. Ibara ya 26 ya Katiba inasema mtu asinyang'anywe mali yake mpaka alipwe fidia ya haki, na alipwe kabla ya kuchukuliwa. Watu wa kwetu wana sababu ya kujivunia neno "kabla". Kesi iliyolithibitisha ilizaliwa hapahapa, kwenye barabara ya Hoima hadi Kaiso-Tonya, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema kifungu cha sheria ya zamani ya utwaaji ardhi, ile ya 1965, kilichoruhusu serikali kuingia shambani kabla ya kulipa ni batili. Mwaka 2017 ulikuja muswada wa kubadilisha Ibara ya 26 ili serikali iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na kazi huku ubishi wa bei ukiendelea. Nchi nzima ilipiga kelele, muswada ukaondolewa. Yeyote atakayewaambia kuwa ardhi ya mbuga inaweza kuchukuliwa leo na malipo yafuate, mwambieni hivyo.

Mfano mzuri upo Nkuringo, kusini mwa Bwindi. Sokwe wa milimani walikuwa wakitoka msituni na kuingia mashambani, na wakulima walikuwa wamechoka. Ukanda mwembamba wa karibu kilomita 4 za mraba ukingoni mwa mbuga ukanunuliwa kwa msaada wa mashirika ya uhifadhi, ukawa eneo la kutenganisha msitu na mashamba. Ni ardhi ndogo, yenye sababu inayoonekana kwa macho, iliyonunuliwa kwa wenye nayo. Kwa kipimo hicho kununua kunafanya kazi.

Kwa kipimo kikubwa, Hoima imeshaona. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Kabaale kilihitaji kilomita za mraba 29, vijiji 13, watu zaidi ya 7,000. Waliochagua kupewa ardhi badala ya fedha walingoja miaka kabla ya kuingia nyumba za Kyakaboga. Shangazi yangu hakuwa huko, ila alipitiwa na mradi mwingine, nisiutaje. Mthamini alikuja, akahesabu miembe, kahawa na kaburi la mumewe, akamwambia asipande tena zao la kudumu. Fedha zilikuja baada ya misimu kadhaa. Bei ya ardhi jirani ilikuwa imeshapanda kwa sababu kila mtu alijua kuna wenye fedha za fidia wanaotafuta mashamba. Siku moja nilimkuta amekaa barazani na ile karatasi ya hesabu.

"Shangazi, bado unaisoma?"

"Siisomi, mwanangu. Naitazama tu. Miti yangu yote imo humu, hakuna hata mmoja uliosahauliwa. Bei ndiyo haikunisubiri."

Nikipima njia ya kununua, huwa nauliza fedha zitakaa wapi kuanzia siku ya uthamini hadi siku ya malipo. Kama bado ni ahadi ya bajeti ijayo, basi hiyo ni njia ya kwanza iliyovaa suti.

Kuna na tatizo la hati. Huku kwetu ardhi nyingi ni ya kimila. Mtu anajua mpaka wake kwa mti wa msasa na kijito, na babu ndiye shahidi. Anayekuja na fedha hutafuta jina la kuandika kwenye hundi, na jina hilo mara nyingi ni la mwanamume mmoja. Mke, wajane wa ndugu na watoto waliokuwa wakila kwenye ardhi ileile hubaki wakisikia habari ya gari jipya.

Njia ya nne: ardhi ibaki kwa wenyewe, walipwe kwa kuitunza

Nimeiweka mwisho kwa makusudi ili nikae nayo.

Sokwe wa Bugoma hawakai Bugoma tu. Hufuata vijito vyenye miti, hupita msitu wa Wambabya, huelekea msitu wa Budongo. Vile vijisitu vya kando ya mito ni vya watu: changu, chako, cha mzee wa jirani. Ndivyo vinavyokatwa kwa kasi, kwa sababu mwenye navyo akihitaji ada ya shule huuza miti au hufungua shamba. Ukitangaza mbuga Bugoma yenyewe na vijito vikateketea, umewafungia sokwe kwenye kisiwa.

Kuanzia mwaka 2011 hadi 2013, shirika la uhifadhi wa sokwe lilifanya jaribio katika vijiji 121 vya Hoima na Kibaale. Vijiji 60 vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na wenye misitu wa vijiji hivyo wakaambiwa: usikate, tutakulipa shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka. Vijiji vilivyobaki viliachwa kama vilivyo. Hakuna aliyehamishwa, hakuna hati iliyobadilishwa jina. Watafiti walipolinganisha picha za setilaiti, miti ilikuwa imepungua kwa asilimia 9.1 kwenye vijiji visivyolipwa, na asilimia 4.2 kwenye vilivyolipwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na yakasomwa dunia nzima. Sisi tuliofanyiwa jaribio ndio tulioyasikia mwisho.

Shilingi 70,000 si fedha ya kumtajirisha mtu. Mwenye hekta mbili alipata 140,000 kwa mwaka. Lakini wengi hawakuwa wakikata miti kwa sababu ya tamaa. Walikata kwa dharura, na fedha ndogo inayokuja kwa wakati inaweza kuzuia dharura. Hilo ndilo lililonigusa. Miaka yote tumekuwa tukihubiriwa kuwa mwanakijiji ni adui wa msitu, kumbe angeweza kuwa mlinzi wake kwa gharama ndogo kuliko ya gari moja la doria.

Udhaifu wake ni mkubwa pia, na sitauficha. Malipo yalikuwa ya miaka miwili, yakaisha. Mkataba ukiisha, mti hauna mkataba. Mbuga hubaki hata bajeti ikipungua. Malipo yakikatika, shoka hurudi. Tena si kila mwenye msitu aliyejiandikisha, na mgeni aliyenunua ardhi ili apande miwa au tumbaku hawezi kushawishika kwa shilingi 70,000.

Sheria inaruhusu namna nyingine ya njia hii. Ipo daraja inayoitwa eneo la wanyamapori la jamii, ambapo ardhi inabaki na wenyewe huku matumizi yakipangwa. Hatuna haja ya kwenda mbali kuiona: Kaiso-Tonya iko chini yetu tu, kando ya hifadhi ya Kabwoya. Na sheria ya ardhi ya 1998 inaruhusu watu kuunda chama cha ardhi ya pamoja, kikawa na katiba, kamati na mpaka ulioandikwa. Chama kama hicho kinaweza kusaini mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mtu mmojammoja akisaini, mwenye wakili hummeza.

Tukiziweka bega kwa bega

Kwa haraka, ya kwanza inashinda, kisha ya pili. Ya tatu ni polepole. Ya nne inaweza kuanza msimu huu kwa kijiji kimoja, lakini kuifikisha wilaya nzima ni kazi ya miaka.

Kwa gharama, ya pili ndiyo nafuu kwa serikali kwa sababu ardhi tayari imo mikononi mwake. Ya kwanza inaonekana nafuu hadi uhesabu kesi, askari na wanyama waliouawa Mburo. Ya tatu ina gharama kubwa mara moja. Ya nne ina gharama ndogo isiyoisha.

Kwa kudumu, mbuga iliyopitishwa na Bunge ikiwa na mpaka usio na ubishi haina mpinzani. Neno zito hapo ni "usio na ubishi". Bila hilo, mbuga hudumu kadiri serikali iliyoitangaza inavyodumu.

Kwa mama mwenye mzigo wa kuni, mpangilio unageuka kabisa: ya nne kwanza, kisha msitu ubaki NFA kama ulivyo, kisha mbuga yenye makubaliano ya maandishi. Kwa kijana anayetaka kazi ya kuongoza watalii, mbuga ni bora. Nimewasikia vijana wetu wakisema hivyo na sioni sababu ya kuwakatisha tamaa. Kwa sokwe mwenyewe, mbuga katikati bila vijito vya pembeni ni nusu ya dawa.

Ndiyo maana nikiulizwa nachagua ipi, nauliza tunazungumzia kipande kipi. Katikati ya Bugoma, mahali ambapo hakuna shamba wala madai, mimi nitaunga mkono mbuga, kwa sharti kwamba kuni, dawa na mizinga viandikwe kwenye makubaliano kabla ya azimio kufika Bungeni, na sehemu ya tiketi ya sokwe ije vijijini kama Bwindi. Kwenye vijito hadi Wambabya na Budongo, ardhi ibaki kwa wenyewe na walipwe, kwa mkataba wa miaka isiyopungua kumi. Pale ambapo tembo au nguruwe mwitu wanamaliza shamba la mtu kila msimu na mwenyewe yuko tayari kuuza, inunuliwe kama Nkuringo, fedha zikiwa benki tayari. Zile maili 22 zisiguswe na tangazo lolote la mbuga mpaka mpaka ukubaliwe, kwa sababu tangazo juu ya ugomvi huugandisha ugomvi.

Wapo watakaosema nimechanganya mno, kwamba wabunge wanataka jambo moja lenye jina moja. Naelewa. Ila ardhi hii haina hali moja, na aliyeipa jina moja kule Elgon aliwaachia wenzetu miaka 30 ya ugomvi.

Kwa hiyo mkija kwenye mkutano wa LC, baraza la kijiji, na mgeni akafungua ramani, mwombeni aikunjue yote na aiache kwa mwenyekiti wiki mbili. Mwombeni atembee mpaka kwa miguu pamoja na wazee wawili na wanawake wawili wa kila kijiji, kiangazi, wakati njia za wafugaji na wachimba chumvi zinaonekana. Ulizeni kama majina yatakayoandikwa ni ya mume peke yake. Ulizeni wakimbizi wa Kyangwali watapikia nini. Ulizeni mbunge atasimama lini Bungeni na atasema nini kuhusu kuni. Majibu yaandikwe, yasomwe kwa sauti kwa Kinyoro na kwa Kiswahili, na nakala ibaki kijijini. Shangazi yangu ameshasema atakuja, na ataileta ile karatasi yake ya miembe.